Ulimi Usiotishwa na Jina

Umri huuzika kirahisi. Andika namba 23 kwenye lebo ya bourbon, wiski ya Marekani, yenye jina, na kuna mtu atakayetoa maelfu ya dola kabla hajanusa chochote. Mimi sifa zangu nampa mwonjaji stadi wa Kentucky, Marekani, anayeiona namba hiyo kisha akaamua kuiamini pua yake.

Ugumu wa kazi yake unaanzia kwenye pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikae katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikafanya mkaa. Inapoingia humo haina rangi, na nguvu yake ya kileo haizidi asilimia 62.5. Baada ya hapo joto la kiangazi huisukuma ndani ya ubao, na baridi huirudisha. Kila inaporudi huja na kitu: vanila, sukari iliyoungua, harufu ya nazi, na hata yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Aliyekulia Pemba kwenye majamvi ya karafuu angeitambua harufu hiyo hata kama maishani mwake hajagusa kileo.

Tatizo ni kwamba mwaloni haujui kuacha. Utamu ukishatoka, ubao huendelea kutoa tanini, ule ukakasi wa chai iliyosahaulika jikoni. Wakati huohuo wiski inapungua mwaka hadi mwaka kwa kuvukia hewani, na wenyewe huuita upotevu huo fungu la malaika. Pipa la lita 200 hivi, likikaa miaka 20, laweza kubaki na chini ya nusu. Orofa za juu za ghala zina joto kali, za chini zimetulia. Kwa hiyo mapipa mawili yaliyojazwa siku moja huweza kutimiza miaka 15 pamoja, moja likiwa limefika kileleni na jingine limekwisha kupitiliza. Daftari la ghala litayaandika kuwa sawa. Tofauti yao hujulikana kinywani tu.

Mwonjaji huchukua glasi iliyobana juu ili harufu ikusanyike. Pua haizamishi, huisogeza taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo, maana kileo kikali hutia ganzi. Hudondosha maji, kwa kuwa ukali ukipungua harufu zilizojificha hutokeza. Kisha hupiga funda dogo na kulitafuna. Kutafuna huku Kentucky wanakuhusisha na Booker Noe, mjukuu wa mtengenezaji wiski Jim Beam, aliyeitembeza wiski kinywani kote huku akipiga midomo. Mwenye glasi nyingi za kupima hutema, na akishatema ndipo hukumu inapoanza. Utamu wa mwanzo hudanganya. Ladha inayobaki baadaye haidanganyi. Je, mahindi bado yanasikika chini ya mwaloni? Uchungu unausindikiza utamu, au umeumeza?

Mwaka 1984 Elmer T. Lee alipoleta Blanton's sokoni, bourbon inayotiwa chupani pipa moja moja bila kuchanganywa na jingine, alichokuwa akiuza hasa ni ustadi huu. Mtu amepita ghalani, ameonja, amelichagua pipa hili na kuliacha lile.

Chupa ikishafungwa, umri husimama, kwani wiski haizeeki ndani ya kioo. Hapo macho huusaidia ulimi kujua chupa ilifungwa lini. Ukanda wa kodi uliopita juu ya kizibo uliachwa mwaka 1985. Ule wa kijani uliashiria bourbon iliyofuata sheria ya 1897: mtengenezaji mmoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4, nguvu asilimia 50. Onyo la afya la serikali lilianza kuwa lazima kwenye lebo mwaka 1989. Chupa inayodai ilifungwa mwaka 1970 ikiwa na onyo hilo imejishtaki yenyewe. Wiski ikiwa imeshuka sana shingoni, kizibo hakikuilinda.

Hakuna jina linalojaribu uaminifu wa mwonjaji kama Van Winkle. Mzee Julian Van Winkle, waliyemwita Pappy, aliongoza mtambo wa Stitzel-Weller, uliofunguliwa Louisville mwaka 1935, na wiski yake ilitumia ngano mahali pa nafaka ya rai. Ulipoacha kazi mwaka 1992, mapipa yaliyobaki yakageuka hazina, na leo wiski yenye jina lake inatengenezwa Buffalo Trace, mjini Frankfort. Ya miaka 23 ina bei kubwa kuliko ya 15, lakini wapo waonjaji wanaosema waziwazi kwamba ya 15 ina uhai zaidi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika biashara hii sifa imezaa hata matapeli wanaotafuta chupa tupu za majina makubwa na kuzijaza wiski ya bei rahisi. Hufanikiwa kwa sababu wanunuzi wengi hawafungui walichonunua, na baadhi ya wanaofungua huonja lebo.

Kwa hiyo neno gumu kuliko yote katika kazi hii ni “imepitiliza”. Anayelitamka humuudhi muuzaji na kumhuzunisha mwenye chupa, naye mwenyewe hapati faida yoyote. Lakini bila yeye bei ingejipima kwa bei, na uhaba ungeitwa ubora. Tena yupo mtu ambaye asingepata haki yake: mtunza ghala aliyeonja pipa likiwa na miaka 9, akajua limefika, akalitoa siku hiyo badala ya kuliacha lizeeke kwa ajili ya namba.