Tumbo la Lancaster: modeli ya ndege ya usiku wa mabwawa

Anayetaka kuunda modeli ya Lancaster iliyokwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 aanze kwa kuipindua juu chini. Mabawa, injini nne na mkia wa mapezi mawili ni vilevile vya Lancaster ya kawaida. Upekee wake uko tumboni, na hapo ndipo modeli nyingi huharibikia.

Lancaster ya kawaida ina tumbo refu lililofunikwa kwa milango ya mabomu. Katika ndege zilizoandaliwa kwa ajili ya Kikosi cha 617 cha Jeshi la Anga la Uingereza, milango hiyo iliondolewa, uwazi ukazibwa kwa bati mbele na nyuma, ikabaki nafasi ya bomu moja tu katikati. Bomu hilo, kazi ya mhandisi Barnes Wallis, lilipewa jina la siri Upkeep. Lilikuwa kama pipa la mafuta lililolazwa kukingama: urefu wa sentimita 152 hivi, kipenyo cha 127, uzito unaokaribia kilo 4,200. Kwa skeli ya 1:72 unabaki na kisilinda cha milimita 21 kwa 18, nusu ndani ya ndege, nusu nje.

Lilishikwa kila upande na mikono yenye umbo la V, na kwenye ncha ya mikono kulikuwa na kisahani kilichojipachika kwenye uso wa silinda. Mota ya haidroliki iliyofungwa mbele ya bomu ilizungusha kisahani cha upande mmoja kwa mkanda, mpaka bomu likafikia mizunguko 500 kwa dakika, likizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo ulilisaidia kurukaruka juu ya maji na, likishagonga ukuta, kuzama likiwa limeugandamia.

Fundi wa modeli asipouelewa mtambo huu atauunda vibaya hata akifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Mikono ya plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa minene mno, kwa hiyo ipigwe msasa upande wa ndani hadi iwe myembamba. Bomu lipakwe rangi peke yake na kupachikwa mwishoni, likiachiwa upenyo mwembamba pande zote. Mtazamaji aamini kwamba lingeweza kuzunguka. Na mkanda ni wa upande mmoja tu! Nimewaona watu wakiweka miwili kwa kupenda ulinganifu. Wengine hutafuta ushahidi kwenye filamu ya The Dam Busters ya mwaka 1955, ilhali wakati inatengenezwa umbo la bomu bado lilikuwa siri, na linaloonekana kwenye filamu silo.

Juu ya mgongo kazi ni nyepesi. Kibanda cha vioo cha mpiga bunduki wa juu kiliondolewa kupunguza uzito na ukinzani wa hewa, kwa hiyo tundu lake lizibwe na kusuguliwa hadi kiungo kipotee. Mpiga bunduki mwenyewe alihamishiwa puani, akawekewa vikuku vya kukanyagia ili miguu yake isining'inie usoni mwa mlenga mabomu aliyelala chini yake. Ukiweka sanamu za wanaanga, hao wawili wanastahili kuonekana. Vioo vya puani ubandike kwa gundi nyeupe ya maji. Mvuke wa gundi kali huacha ukungu juu ya plastiki angavu, na ukungu huo hautoki kirahisi.

Sasa stendi. Bomu lilipaswa kuachiwa kutoka mita 18 juu ya maji, kwa mwendo wa kilomita 373 kwa saa, na altimita ya siku hizo haikuaminika chini kiasi hicho. Suluhisho likawa taa mbili chini ya ndege, moja puani na nyingine nyuma ya bomu, zilizoelekezwa ili miali yake ikutane majini penye kimo hicho hasa. Mwongoza njia alichungulia upande wa kulia akimwambia rubani apande au ashuke. Mita 18 kwa skeli yetu ni sentimita 25. Mabawa ya modeli, ncha hadi ncha, ni 43. Yaani ndege iliruka chini kuliko upana wake yenyewe, tena gizani, huku ikipigwa mizinga. Stendi ya sentimita 25 juu ya ubao uliopakwa kama maji hueleza hayo kwa mtupo mmoja wa jicho. Nashangaa wengi bado huiacha ndege hii imesimama kwenye magurudumu.

Kuhusu rangi sina mengi. Juu ni kahawia na kijani, chini na ubavuni ni nyeusi, ila nyeusi tupu kwenye kitu kidogo humeza kila mstari, hivyo ichanganywe na kijivu kidogo. Jiepushe na uchakavu. Ndege hizi zilianza kufika kituo cha Scampton Aprili 1943, kwa hiyo usiku ule zilikuwa bado mpya. Masizi ya moshi nyuma ya injini yanatosha. Rangi iliyobanduka, kutu na viraka ni vya ndege nyingine.

Linabaki suala la herufi za ubavuni. Karibu kila mtu hubandika AJ-G, ndege ya kamanda Guy Gibson, nambari ED932/G, ile G ya mwisho ikimaanisha kwamba ilipaswa kulindwa muda wote ikiwa ardhini. Lakini bomu la Gibson lililipuka kabla ya kuufikia ukuta wa bwawa la Möhne. Ukuta ulibomoka baada ya bomu la tano, la David Maltby, aliyerusha AJ-J. Ndege 19 ziliondoka usiku ule, 8 hazikurudi, na wanaanga 53 wakafa. Kule chini mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,200, wengi wao wafanyakazi wa kulazimishwa waliokuwa wamefungiwa kambini bondeni. Maltby alirudi salama, akafa Septemba mwaka huohuo katika safari nyingine. Mimi ningebandika J.