Mlimani Upepo Hausaidii Mtu

Penye tambarare, mwendesha baiskeli mwenye nguvu ana kitu cha kumpa mwenzake: mgongo wake. Anakaa mbele apasue upepo, na anayemfuata, gurudumu lake likiwa karibu kugusa la mwenziwe, anaokoa robo ya nguvu zake au hata zaidi. Barabara ikiinuka, mambo hubadilika. Mwendo ukishashuka hadi kilomita 9 kwa saa, hakuna tena upepo wa kupasua. Kilichobaki ni uzito, na uzito hauna wa kukubebea. Hapo aliye mbele hamfai aliye nyuma kwa lolote, isipokuwa jambo moja ambalo wenye misuli wengi hawalipendi: kupunguza.

Mashindano huutumia mlima kuwatenganisha watu. Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, wanaume zaidi ya 160 walianza mbio ya mwisho na 30 tu wakaimaliza. Tadej Pogačar wa Slovenia alizimaliza kilomita 60 na ushei za mwisho akiwa peke yake. Nilitazama kwa furaha, sikatai. Lakini marafiki wanaotoka pamoja asubuhi wana kazi ya kinyume. Mlima unamvuta kila mmoja kivyake, nao wanataka kufika juu wakiwa kundi. Hakuna anayewapa kombe kwa hilo, na labda ndiyo sababu hatuna mazoea ya kuliita ufundi.

Sisi ni marafiki wa aina hiyo. Njia yetu ilitoka Iten, Kenya, ikateremka bonde la Kerio, ikavuka mto pale Chebloch, ikapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, kisha ikaporomoka upande wa pili hadi Marigat. Ni chini kidogo ya kilomita 100, lami tupu, kazi ya siku nzima kwa watu wasio na haraka. Tulikuwa wanne: mwalimu mstaafu, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, muuguzi kijana ambaye sote tunamwita Sista, na mimi.

Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Ni mji wa wakimbiaji. Hapo ndipo aliposoma David Rudisha kabla ya kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Alfajiri makundi yao yalitupita bila hata kuhema, na sisi tukajiona watu wavivu, tunaosafiri tumekaa kitako.

Kuanza safari kwa mteremko si jambo la kushangilia. Mteremko unampa mtu sifa asizozitolea jasho. Barabara inajipinda kupitia Tambach, ukuta wa bonde ukiwa upande mmoja na upande wa pili hewa tupu, na kila kona inadai uamuzi ufanywe mapema: breki hushikwa kabla ya kona, si ndani yake, na macho yanatangulia pale unapotaka kutokea. Breki za kubana rimu zikishikiliwa bila kuachiwa, rimu hupata moto, na moto huo huweza kupasua tyubu. Fundi alitukumbusha kushika na kuachia, kushika na kuachia, mbele kisha nyuma. Yeye mwenyewe alishuka wa mwisho, wima, kofia ikiwa imefungwa kidevuni kwa kamba ya kiatu.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua. Kwa kila mita 1,000 unazoteremka, joto hupanda nyuzi 6 au 7, na bondeni tulikuwa mahali pengine kabisa: miembe, migunga yenye mizinga ya magogo matawini, mbuzi waliokwisha kutafuta kivuli saa tatu ya asubuhi. Mto Kerio unaoelekea Ziwa Turkana umejikatia korongo jembamba pale Chebloch, na vijana hujirusha humo kutoka juu ya miamba kwa malipo ya wapita njia. Tulinywa chai ya pili kando ya barabara, tukala viazi vitamu. Baada ya hapo ni kupanda, mita 800 na zaidi hadi Kabarnet.

Hesabu yake si siri. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80 kwa jumla, kuwainua mita 800 kunataka kilojuli 600 na kitu, na mwili hugeuza robo tu ya chakula kuwa mwendo, robo tatu zikipotea kama joto. Ndiyo maana unakula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Ndiyo maana pia kwenda haraka hakukupunguzii deni, kunakulazimisha ulilipe kwa muda mfupi zaidi.

Baiskeli ya Fundi ni Black Mamba, ile ya chuma kizito yenye kariya inayobeba gunia la makaa, na haina gia za kubadili. Alichofanya ni kung'oa gia ya nyuma na kuweka kubwa yenye meno mengi, basi. Mtu anaweza kumcheka, lakini wakuu wa mchezo huu waliishi hivyo hivyo. Mashindano ya Tour de France hayakuruhusu vibadilisha gia hadi 1937. Kabla ya hapo, bingwa alifika chini ya mlima, akashuka, akalegeza gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie gia ya upande wa pili, akalikaza, akaendelea. Fundi nilipomsimulia hayo aliuliza spana walibeba ya namba ngapi.

Palipozidi kuinuka alishuka, akasukuma. Alisukuma bila kuona haya yoyote, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kariya, kama wanavyosukuma wachukuzi wa maji na maziwa wa bonde lile, ambao mimi nawaona ndio mabingwa halisi wa mlima. Wanajua kwa unyayo ni wapi kunyonga kunalipa na wapi kunakula tu nguvu. Tofauti ya mwendo wa Fundi na wetu tuliokaa kitini ilikuwa ndogo mno. Kwenye kona moja alitupita.

Sasa nije kwa Sista, maana yeye ndiye mwenye miguu miongoni mwetu. Kwenye kilomita za kwanza alifanya kosa ambalo kila mwenye nguvu hulifanya, na mara nyingi bila kujua. Alipanda sambamba na Mwalimu, wakiongea, ila gurudumu lake la mbele lilikuwa limetangulia kwa shubiri moja. Mwalimu akaongeza ili walingane. Sista naye, bila kufikiri, akatangulia tena kwa shubiri ile ile. Hakuna aliyekusudia mashindano, lakini baada ya kona tatu mzee alikuwa anajibu kwa "eeh" na "mm" pekee. Hicho ndicho kipimo: mtu asiyeweza kumaliza sentensi ndefu anakwenda kwa kasi isiyo yake.

"Sista, mwache Mwalimu atangulie," Fundi aliita kutoka nyuma.

"Lakini hatuendi mbio, Fundi."

"Wewe huendi. Yeye anakwenda."

Tukabadilisha mpangilio. Aliye dhaifu akae mbele aweke mwendo, mwenye nguvu akae nyuma kabisa. Kwa macho inaonekana kinyume cha akili, hasa kwa aliyezoea tambarare, ambako mwenye nguvu huwa mbele. Lakini mlimani, kama tulivyokwisha ona, mbele hakuna wa kukingwa upepo. Kuna mtu wa kuamua tu, na akiamua yule anayeweza kidogo, wote wataweza. Mwenye nguvu naye anapata mtihani wake: kunyonga gia nyepesi kuliko anavyotaka, kusawazisha baiskeli katika mwendo ambao karibu uiangushe, na kufanya hivyo saa mbili nzima bila kutoa pumzi ya kulalamika. Sista alikiri baadaye kwamba mapaja hayakumuuma. Kilichomuuma ni subira.

Kuna adabu nyingine ndogo, nayo huvunjwa kila mahali. Wenye kasi hufika kwenye kivuli, hupumzika, hunywa maji, na mara tu wa mwisho anapowasili jasho likimtoka, wao husema, "Haya, twende." Hivyo anayehitaji kupumzika zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Kundi linalojua kazi yake huanza kuhesabu muda wa mapumziko pale wa mwisho anapoweka mguu chini.

Waliopanda kwa kazi wanalijua hili. Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyefariki Agosti 2022 katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, alikuwa nahodha wa timu ya Amani, na nahodha katika mchezo huu mara nyingi si yule anayeshinda. Ni yule anayejua nani amenyamaza kwa muda mrefu kupita kiasi. Kwetu sisi mtu huyo ni Fundi, na sidhani ana habari kuwa ana cheo.

Kabarnet tuliingia saa nane mchana, wote wanne ndani ya dakika moja, Mwalimu akiwa mbele na akiongea bila kukoma juu ya mkaguzi mmoja wa shule wa zamani. Tulikula ugali na mbuzi. Upande wa pili sina mengi ya kuusema: mteremko mrefu, joto lililozidi kila kona, wauza asali kando ya barabara, na Marigat yenyewe, vumbi na matikiti maji.

Pale stendi, tukitafuta gari la kurudi, kondakta alitaka kila baiskeli ilipiwe kama abiria. Fundi alibishana naye huku akizifunga kwenye kariya ya gari kwa vipande vya tyubu, fundo juu ya fundo, na walipokubaliana nusu nauli zilikuwa zimeshafungwa zote. Sista alikuwa na pendekezo: safari ijayo tuigeuze, tuanzie Marigat tumalizie Iten, ili mlima wa mwisho uwe ule mrefu, mita 1,200 na zaidi kutoka mtoni, jua likizama na hewa ikipungua. Mwalimu alikubali papo hapo. Fundi alisema atahitaji gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, na tukabishana hadi Nakuru kama inauzwa Eldoret au hadi aiagize Nairobi.