Kioo, Jinsia na Kiambishi: Uhakiki wa Picha za Claude Cahun

Uhakiki wetu umezoea kushughulika na shairi, riwaya na tamthilia, kana kwamba picha haina la kumwambia mwanaisimu. Makala haya yanakusudia kuzichunguza picha alizojipiga Claude Cahun, mwandishi na msanii wa Ufaransa, na kuuliza kama lugha tunayoitumia kumhakiki inamtendea haki.

Cahun alizaliwa Nantes mwaka 1894 akapewa jina la Lucy Schwob. Baadaye alijichagulia jina la Claude, ambalo Wafaransa huwapa wavulana na wasichana vilevile, na ukoo wa Cahun aliurithi kwa bibi yake mzaa baba. Mwenziwe wa maisha, Suzanne Malherbe, naye alijiita Marcel Moore. Tangu ujana wake Cahun alijipiga picha kwa sura nyingi. Yumo akiwa amenyoa kichwa na kuvaa suti ya kiume. Yumo pia kama mwanasesere aliyepakwa rangi usoni. Katika picha moja ya miaka ya 1920 ameshika vyuma vya wanyanyua uzito, ilhali mashavuni amechorwa mioyo midogo. Nguvu za kiume na urembo wa kike zimekutanishwa katika mwili mmoja, na kila upande unaucheka mwingine.

Picha iliyo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni ile ya kioo, ya mwaka 1928 hivi. Cahun amesimama kando ya kioo, nywele zimekatwa fupi, amevaa koti la mirabamiraba na kuishika kola yake. Katika michoro mingi ya Ulaya mwanamke hujitazama kiooni ili sisi tumtazame yeye. Hapa Cahun amekipa kioo kisogo na kutukazia macho sisi. Uso ulio kiooni unatazama kwingine. Hivyo tunapewa nyuso mbili, wala hatuambiwi ipi ndiyo ya kweli.

Baadhi ya wahakiki huzisoma picha hizi kama maigizo yaliyokusudiwa hadhira. Rai hiyo haikubaliki kwa urahisi. Cahun alichapisha kitabu mwaka 1930 chenye picha za kuunganishwa, lakini nyingi sana katika picha alizojipiga hazikuonyeshwa hadharani maishani mwake. Alifariki mwaka 1954, na umaarufu wake ulikuja hasa baada ya François Leperlier kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1992. Aidha, yaelekea mara nyingi aliyeishika kamera alikuwa Moore. Kwa hiyo hadhira ya kwanza ilikuwa mtu mmoja, naye alikuwa mshiriki. Faragha hii haikuwa woga. Walipokuwa kisiwani Jersey chini ya Wajerumani, wawili hawa walisambaza kwa siri maandishi ya kuwavunja moyo askari, wakijitia kuwa askari mwenzao asiye na jina. Walikamatwa mwaka 1944 na kuhukumiwa kifo, ingawa hukumu haikutekelezwa. Ustadi wa kubadili nafsi waliouzoea nyumbani uligeuka silaha.

Sasa tuingie katika lugha. Msomaji atakuwa ametambua kwamba, tukiacha majina, sarufi haijatulazimisha hadi hapa kusema kama Cahun alikuwa mke au mume. Kiambishi a- kimetubeba. Mfaransa hana nafasi hiyo: vivumishi vingi anavyojipa mwenyewe humtaka achague jinsia. Cahun alieleza katika kitabu chake kwamba jinsia iliyomfaa daima ni ile isiyo ya kiume wala ya kike, yaani ile ambayo sarufi ya lugha yake haikuwa nayo.

Je, tujivune basi kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kimemwandalia makao? La hasha. Lugha yetu iliyoifukuza jinsia mlangoni huikaribisha dirishani: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na tofauti hiyo imekaa katika kauli ya kitenzi chenyewe. Tena wepesi wa kiambishi chetu una hatari yake. Tukimfasiri Cahun kwa a- peke yake, sentensi zitateleza vizuri, lakini ule mvutano uliomfanya aitafute kamera utakuwa umefutwa. Anayesoma tafsiri ataona ukimya pale ambapo mwandishi alikuwa akishindana.

Kwa maoni yetu, mfasiri na mhakiki wa Kiswahili wana wajibu wa aina mbili. Kwanza, wasimwongezee Cahun jinsia ambayo sarufi yetu haiwadai, kwa kumwita bibi au bwana pasipo haja. Pili, pale ambapo Kifaransa kilimbana, waeleze wazi kwamba kilimbana, hata kama itawabidi kuongeza maneno. Kuliacha jambo wazi kama alivyoliacha yeye ni uaminifu. Kulifanya lionekane kwamba halikuwa na uzito wowote ni kumnyang'anya kazi yake.