Daftari Chini ya Mti wa Cheri

Nawatolea salamu za taadhima waandishi wa Ukraine, ambao, tangu majeshi ya Urusi yalipoivamia nchi yao mwezi wa Februari 2022, wameifanya kalamu kuwa shahidi kabla ya kuwa pambo. Volodymyr Vakulenko, mtunzi wa vitabu vya watoto, alipoona hatari imemfikia kijijini kwake Kapytolivka, karibu na mji wa Izium, alilifukia daftari la kumbukumbu zake chini ya mti wa cheri bustanini, akamwusia baba yake alitoe siku majeshi ya nchi yao yatakaporejea. Kisha akakamatwa, akauawa. Aliyelifukua, Septemba ya mwaka huo, ni Victoria Amelina, mwandishi wa riwaya aliyekuwa ameziweka kando hadithi za kubuni ili akusanye ushahidi wa jinai za vita, na ambaye naye, Julai 2023, alifariki kwa majeraha ya kombora lililopiga mkahawa mjini Kramatorsk, akaacha kitabu chake hakijatimia.

Ama kwa upande wa lugha ya Kiukraine, ambayo dola ya Tsar wa Urusi iliwahi kuipiga marufuku vitabuni mwaka 1876, Volodymyr Rafeyenko wa Donetsk, aliyekuwa akitunga kwa Kirusi, alijifunza Kiukraine ukubwani baada ya vita vilivyotangulia uvamizi huo kumhamisha kwao, akatunga kwacho riwaya ya Mondegreen. Na ajuaye taabu ya kuhangaika na sarufi ngeni katika umri wa makamo atamvulia kofia. Hata hivyo, Andrey Kurkov ametunga riwaya zake kwa Kirusi, nami simwoni kuwa Muukraine pungufu.