Pa Kuanzia Kusikiliza Piano ya Bluzi

Aulizaye aanze na nani katika piano ya bluzi, kwa kawaida huelekezwa kwenye bugi-wugi: kasi, vishindo, mkono wa kushoto ukinguruma kama garimoshi. Ushauri huo mimi siupendi. Si kwamba Meade Lux Lewis au Albert Ammons ni wapigaji hafifu, la hasha. Ila mgeni akianza nao atadhani muziki huu kazi yake ni kuchezwa tu, na huzuni iliyomo itampita.

Mimi humwanzisha kwa Leroy Carr. Mwaka 1928 aliimba "How Long, How Long Blues", Scrapper Blackwell akimpigia gitaa. Sauti yake ni ya mtu azungumzaye na mwenziwe usiku. Piano imekaa chini ya maneno, inashika mwendo. Gitaa ndilo linalojibu. Carr alifariki 1935, akiwa na miaka 30 tu.

Kutoka hapo, msomaji wangu, nenda moja kwa moja kwa Jimmy Yancey. Kwa miaka mingi mkate wake ulitokana na kutunza uwanja wa besiboli wa Chicago White Sox, na hakurekodi hata santuri moja mpaka 1939. Sikiliza mkono wake wa kushoto. Haukimbii, unasita, unaacha nafasi, kisha unarudi pale usipoutazamia. Wengine hujaza, yeye hupunguza. Tena alikuwa na ada ya ajabu: wimbo uanze kwa ufunguo wowote, ataufunga kwa E-flati. Mara ya kwanza sikio hushtuka. Baadaye hungoja. Rekodi zake za Julai 1951, miezi miwili kabla hajafa, nyingine mkewe Estelle akiimba, ndizo ningezikimbilia nyumba ikiungua.

Asiyevumilia mikwaruzo ya santuri kuukuu na amchukue Otis Spann wa 1960, yeye na gitaa la Robert Lockwood tu, sauti safi kabisa. (Wale wanaosafisha mikwaruzo ya rekodi za kale mara nyingi huondoa na mlio wa vidole vya juu. Hasara tupu.)

Sasa ndipo umweke Pinetop Smith wa Desemba 1928, akiwaamuru wachezaji lini wasimame na lini wajitikise. Machi iliyofuata alipigwa risasi akafa, hajatimiza miaka 25.