Umeme Lazima Urudi

Usiku wa kwanza nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Land Rover 109, Series III tuliyoachiwa na baba mdogo, ilikuwa imeegeshwa matako yakitazama ukuta mweupe. Nikawasha taa ndogo. Wekundu ukatanda ukutani pande zote mbili. Nikakanyaga breki. Kulia wekundu ukazidi, kushoto ukazimika kabisa. Nikaachia, ukarudi. Breki ikawa inazima taa ya breki!

Fundi wa kwanza alibadilisha balbu. Wa pili alibadilisha swichi ya breki, akavuta waya mpya toka mbele hadi nyuma, na fyuzi iliyoungua akaivisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ugonjwa ukabaki palepale, hatari ikaongezeka. Fyuzi imewekwa iungue ili waya upone. Ukiivisha karatasi, umeuachia waya kazi ya kuungua.

Wa tatu nilimkuta Tanga, chini ya mkungu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Gari ni la mwaka gani?”

Niliona ni swali la kupitisha muda, kumbe ndiyo kazi imeanza. Land Rover za mwanzo zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Hizi za Series III, zilizoanza kutoka 1971, zimefungwa hasi. Asiyeuliza mwaka anaweza kuunguza altaneta kabla hajafika kwenye taa. Swali la pili: taa zote zikiwa zimezimwa, ukikanyaga breki, kushoto kunakuwaje? Nikamwambia kunawaka kwa unyonge. Swali la tatu: nani ameshaligusa? Nikaeleza. Hakumcheka mtu. Alichomoa ile fyuzi ya karatasi, akaweka nzima, akaiviringa karatasi na kuitia mfukoni.

Kisha akasoma waya, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Magari ya Kiingereza ya enzi hizo yalifungwa vifaa vya Lucas vya Birmingham, na wenye magari hayo walimtania mzee Joseph Lucas kwa kumwita Mwana wa Mfalme wa Giza. Lakini rangi za waya zake ni kitabu kwa anayejua kusoma. Kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri. Mweupe unaamshwa na ufunguo. Mwekundu ni wa taa ndogo. Kijani chenye mstari wa zambarau ni wa breki. Mweusi ndio ethi, njia ya umeme kurudi. Fundi alipita juu yake kwa kidole, na alipofika kwenye waya mpya wa bluu wa yule mwenzake alitikisa kichwa. Ukurasa mmoja ulikuwa umechanwa.

Kifaa chake hakikuwa mita. Kilikuwa balbu ya gari iliyochomelewa waya mbili. Mita, alisema, inaweza kusoma volti kumi na mbili hata kwenye waya uliobakiza uzi mmoja, kwa kuwa haiombi kitu. Balbu inakula, kwa hiyo haidanganyiki. Alichomoa balbu ya taa ya kushoto, akafunga waya mmoja wa kifaa chake kwenye chanya ya betri, wa pili akaugusisha kikombe cha balbu. Giza. Akaugusisha chesisi. Ikawaka vizuri.

“Umeme unakuja,” akasema, “hauna njia ya kurudi.”

Balbu ile ina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 kwa taa ndogo, wa wati 21 kwa breki. Nyuzi zote mbili huishia kwenye kikombe kimoja, na kikombe hurudisha umeme kwenye chesisi kwa waya mweusi. Waya huo ukikatika, umeme wa taa ndogo hautulii. Unapita kwenye uzi wa breki kinyumenyume, unapanda waya wa breki, unavuka hadi taa ya kulia, unashukia huko. Ndiyo maana kushoto kulionekana kunawaka kama kawaida. Ukikanyaga breki, umeme unasukuma kutoka pande zote mbili kwa nguvu ileile, hausogei popote, na taa inalala.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee yule aliinama kweli, akalala juu ya boksi na tochi mdomoni. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Metali hizo zikikutana kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu huliwa. Kwenye bolti ya waya mweusi palikuwa na unga mweupe mithili ya chokaa. Alifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akabana upya, akapaka vaselini kuzuia unyevu. Ukiacha ile fyuzi, hakubadilisha hata kifaa kimoja. Akaniambia nikae kwenye usukani, nikanyage. Pande zote mbili zikawaka sawa.

Alitaja bei ndogo kuliko ya ile swichi nisiyoihitaji. Nikamwongeza, maana saa nzima ya kufikiri nayo ni kazi. Basi ukimwona fundi amechuchumaa kando ya gari lako, mikono mitupu, anatazama tu, usimharakishe.