Ganzi Ipi kwa Mtoto wa Jicho?

Tuchukue mzee wa Kariobangi, Nairobi, aliyeyeyusha alumini kule Light Industries mpaka macho yakamshinda. Ana kisukari, ana kikohozi cha asubuhi, na mtoto wa jicho amekomaa hadi mboni imegeuka nyeupe. Atumwe hospitali ya Mama Lucy, ya Kikuyu au ya Lions kule Loresho, kabla ya kisu lazima liamuliwe jambo moja: jicho litiwe ganzi kwa njia gani?

Wengi huulizia nusukaputi, na hofu yao naielewa. Kwa mtoto mdogo haikwepeki. Lakini mzee huyu akilazwa usingizi kabisa itabidi akae bila kula, sukari iyumbe, na kifua chake kitegemee mashine kwa upasuaji wa muda mfupi. Njia hiyo iwekewe asiyeweza kutulia, kama mwenye kutetemeka sana au aliyeshikwa na usahaulifu mkubwa wa uzeeni.

Matone yana historia ndefu: mwaka 1884 Carl Koller, akiwa Vienna, alionyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi. Leo matone ya dawa salama zaidi hutosha pale lenzi inaposagwa kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu lisilofika milimita 3. Lenzi ngumu ya mzee wetu, hata hivyo, huenda ikatolewa nzima kupitia njia ya milimita 6 au 7 iliyochongwa kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Humo ndani mna kuvuta na kusukuma, na matone peke yake hayazimi maumivu ya kina wala hayazuii jicho kuzunguka.

Sindano ya nyuma au ya pembeni ya jicho huzima yote mawili. Tatizo ni kwamba ncha kali huenda mahali ambapo daktari haoni. Inaweza kutoboa jicho, hasa lile refu la mtu asiyeona vitu vya mbali. Inaweza kupasua mshipa wa damu. Mara chache sana dawa hufuata neva ya jicho hadi shina la ubongo na pumzi ikakatika. Kudunga pembeni kumepunguza hatari hizi, hakujazifuta.

Ndiyo maana kwa mzee huyu ningechagua ganzi ya kifuko cha Tenon, yaani dawa inayowekwa chini ya utando unaolizunguka jicho. Baada ya matone, utando wa jicho hukatwa kidogo kwa mkasi upande wa chini karibu na pua, kisha kanula butu iliyopinda hufuata umbo la jicho na kuachia mililita 3 hadi 5 za lidokaini. Hakuna ncha kali inayosukumwa gizani. Jicho huweza kuvimba utando na kuwa jekundu siku kadhaa. Aambiwe mapema asije akadhani ameharibiwa.

Kikohozi hakina ganzi. Alazwe chali kwanza, uso ukiwa umefunikwa kitambaa, aonekane kama anavumilia. Aongeleshwe pia kwa lugha anayoielewa vizuri, maana katikati ya kazi ataambiwa, “Mzee, usisogeze kichwa,” na asiposikia ganzi nzuri haitamsaidia daktari.

Dawa ikiwa bado haijaisha, jicho halifumbi vizuri na mzee aweza kuona vitu viwili viwili. Litafungwa bandeji, naye asiachwe apande matatu ya kurudi Kariobangi peke yake.